Mama Dudu, Aliyeazimwa na Moto

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na dada yetu, familia imemchagua mdogo wake, yule aliyemfuata ziwa, asimame hapa awasomee alivyoishi marehemu tangu siku aliyozaliwa hadi Jumapili iliyopita alipotuacha, na pale sauti itakapokwama tunaomba mtuvumilie.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumjua kwa jina jingine zaidi ya Mama Dudu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yetu akiwa fundi seremala na mama yetu akishona sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa imeegemea karakana, kiasi kwamba usiku tulilala na harufu ya gundi na asubuhi tuliamshwa na randa. Wenzake walipokuwa wakicheza uani, yeye alikuwa akichukua mbao ambazo baba amezitupa pembeni kwa sababu zimetobolewa, anazipasua kwa patasi ili aone ni nani anaishi ndani, na aliowakuta aliwafuga kwenye viberiti vitupu chini ya kitanda, hata baba akawa anawalalamikia wateja wake kwamba yeye anawafukuza wadudu mlangoni na binti yake anawakaribisha dirishani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya bweni, ambako alipewa adhabu ya kufagia bwalo kwa kuingia na mdudu hai kwenye chumba cha mtihani, akajiunga na chuo cha misitu mwaka 1977, na alipomaliza kwa alama nzuri akapata nafasi ya chuo kikuu kusomea wadudu waharibifu wa miti, jambo ambalo mama yetu alishindwa kuwaeleza majirani, akaishia kusema mwanawe anasomea udaktari, ila wagonjwa wake wamesimama wima.

Tarehe 2 Februari 1982 aliajiriwa na idara ya misitu, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na stoo, chenye darubini moja, meza yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha ubao, na dirisha linalotazama uwanja wa magari ya maji ya kikosi cha moto, na humo ndimo alimofanyia kazi, au tuseme ndimo alimotakiwa kufanyia kazi, miaka yote iliyofuata. Kazi yenyewe aliieleza kwa mtu yeyote aliyekuwa na dakika mbili, hata kwenye harusi za watu: kwamba kuna mdudu mdogo kama punje ya mchele anayetoboa gome la msonobari na kutaga humo, kwamba mti ulioliwa hubadilika rangi kuanzia kileleni, unakuwa mwekundu, kisha unakauka ukiwa umesimama, na kwamba dawa yake haina uchawi wowote, ni kuukata mti huo na kuutoa msituni kabla watoto wa mdudu hawajaota mabawa, maana wakisharuka, mti mmoja umekuwa kichaka kizima.

Shida ilikuwa kwamba kazi hiyo haifanyiki ila kiangazi, na kiangazi ndio msimu wa moto. Kila mwaka idara iligawiwa mafungu yake, fungu la vitalu vya miche, fungu la njia na madaraja ya msituni, fungu la wadudu, fungu la moto, na kila mwaka, katikati ya msimu, fungu la moto lilikauka huku moto wenyewe bado unawaka, ndipo unapokuja waraka kutoka makao makuu ukiagiza kila kilichobaki kwenye mafungu mengine kipelekwe kuzima. Wa vitalu walikuwa wameshanunua mbegu, wa madaraja walikuwa wameshanunua saruji, lakini sehemu ya wadudu ilikuwa ndiyo kwanza inanoa misumeno, kwa hiyo fungu lake ndilo lililokutwa halijaguswa, na ndilo lililobebwa la kwanza.

Baadaye wakaanza kubeba na watu. Mwaka 1988 marehemu aliombwa aende kwenye kambi ya kikosi cha moto akasaidie kugawa buti, blanketi na soksi, kwa kuwa mtunza stoo alikuwa ameugua, naye akaenda kwa roho safi, akapanga lile hema la vifaa vizuri hata watu wakaacha kugombana kwenye foleni, na hilo ndilo lililomponza. Mwaka uliofuata aliitwa tena, na uliofuata tena, mpaka siku moja akamuuliza mkuu wake wa wakati ule, mbele ya watu, "Mzee, mnaponiazima hivi, mnanirudisha lini?" na mkuu akacheka, akajibu, "Mvua ikinyesha, Mama Dudu," naye akasema, "Mvua ikinyesha wangu watakuwa wamesharuka," na watu wote wakacheka, naye akacheka nao, kwa sababu wakati ule lilikuwa bado jambo la kuchekesha.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1985 na dereva wa gari la maji la idara hiyo hiyo, ambaye yuko hapa mbele yetu, na kisa chao kinajulikana, kwamba bwana huyu alikuwa na tabia ya kuegesha chini ya dirisha lake na kuacha injini ikinguruma, moshi ukawa unaingia chumbani, hadi siku moja dada akashuka ngazi kwenda kumgombeza, na shemeji yetu hadi leo husema aliambiwa azime gari akazimika yeye. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1987 na sasa ni muuguzi, kijana wao wa mwaka 1990 aliyefuata nyayo za baba yake katika kikosi cha moto, na binti wa mwisho, wa mwaka 1996, ambaye ni mwalimu, pamoja na wajukuu wanne.

Nyumba hii mliyoketi uani kwake ilijengwa kwa malipo ya saa za ziada za dereva, yaani ilijengwa na moto, na marehemu alilijua hilo kila alipofungua mlango. Jioni nyingi walikaa mezani, yeye akilalamika kwamba moto umemmalizia fungu lake tena, mume wake akiwa na macho mekundu na masizi kwenye kucha, mpaka siku moja shemeji akamwambia kwa utani, "Mama, fungu lako ndilo dizeli niliyochoma jana, sasa ulitaka nizime kwa mate?" Dada alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaondoa vyombo, na jambo hilo halikutajwa tena mezani kwa muda mrefu.

Sasa tunafika mwaka 2003, ambao familia ilijadiliana kama usomwe au usisomwe, na mume wake ndiye aliyesema usomwe.

Juu ya mtaa ulio karibu na matangi ya maji, ambako mama yetu alihamia baada ya baba kufariki, palikuwa na shamba la misonobari la serikali, na humo marehemu alikuwa ameona vilele vyekundu mwaka uliotangulia, akaandika, akafuatilia, akapanda na kushuka ngazi za makao makuu hadi walinzi wakawa wanamwita shangazi, na hatimaye akapewa fungu na kundi la vibarua wenye misumeno, kazi ikaanza mwezi Juni kutokea upande wa chini, karibu na nyumba. Walikuwa wamefika katikati ya shamba ulipozuka moto mkubwa wilaya mbili kutoka hapo, waraka ukaja kama kawaida, na mkuu wa kituo, kijana aliyekuwa amefundishwa kazi na dada mwenyewe, akaingia chumbani kwake bila kukaa.

"Mama, nahitaji vibarua wako na kilichobaki kwenye fungu."

"Nipe hadi mwisho wa mwezi."

"Sina mwisho wa mwezi wa kukupa, huko watu wanazidiwa."

"Na hapa juu ya mtaa nikiacha nusu, mwakani utakuja kuzima kwa kitu gani?"

Kijana akasema, "Mwakani ni mwakani, Mama, mimi naulizwa ya leo," akauweka waraka mezani, akatoka.

Marehemu, ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, aliukunja ule waraka akautia kwenye mkoba, akapanda msituni, akawaambia vibarua waendelee, na lori lilipokuja kuwachukua akamwambia dereva wa lori arudi kesho, na kesho yake akamwambia vivyo hivyo, akawa anaishi na uongo huo hadi wiki ikakaribia kuisha, akiwahimiza watu wakate haraka, naye mwenyewe akiburuta matawi hadi viganja vikachubuka. Huko kwenye moto watu walikuwa pungufu, madereva wakawa hawana wa kuwapokea, na mume wake, akiwa ameendesha zamu mbili mfululizo, aliacha barabara kwenye kona ya mteremko, gari likalala ubavu, na mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili.

Habari ililetwa na yule mkuu wa kituo, aliyepanda msituni kwa miguu akiwa ameshika kofia mkononi, na aliposema alichokuja kusema akaongeza, "Hakuna aliyesema ni kosa lako, Mama," na marehemu alituambia baadaye kwamba afadhali angetukanwa. Alipita kwa kila kibarua akimwomba azime msumeno, akawapandisha wote kwenye lori, akaenda hospitali kumwona mumewe, kisha akaenda moja kwa moja kambini kugawa blanketi, na nusu ya juu ya shamba ikabaki vile ilivyokuwa. Uchunguzi ulisema ni breki, na mume wake amesema mara nyingi, na ametuomba tuseme tena leo mbele yenu, kwamba ni breki. Lakini pale kwenye korido ya hospitali, akiwa bado na majani makavu kwenye nywele, dada alimshika mkono mdogo wake huyu anayewasomea, akamwambia, "Nikiwaachia, mama anaungua, nikiwashikilia, mume wangu anaanguka, hebu niambie wewe, mlango uko upande gani?"

Pesa za kumalizia zilizoahidiwa hazikuja, kwa sababu mwaka uliofuata moto ulianza mapema zaidi, na tarehe 11 Septemba 2004 ukaingia kwenye ile misonobari iliyokauka ikiwa imesimama. Marehemu alikuwa kwenye hema la vifaa, redio ya kikosi ikiwa mezani pembeni yake, alipolisikia shamba lake likitajwa, na waliokuwa kwenye foleni walisema hakupiga kelele wala hakukimbia, alisimama kidogo akiwa amekumbatia blanketi, kisha akampa aliyekuwa mbele, akachukua jingine, akampa aliyefuata, maana wale watu walikuwa wanakwenda huko huko kwa mama yake na walihitaji vifaa vyao. Mama alitolewa na jirani, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akiwa na cherehani yake na ukaidi wake tu, na hakuna mtu aliyepoteza maisha, tunashukuru, lakini nyumba yake iliungua pamoja na zote za mstari wa juu, moto ukiruka kutoka kilele hadi kilele, na ulipofika upande wa chini, pale palipokatwa, ukaanguka ardhini, ukawa moto wa kufikiwa kwa miguu na mabomba, na kikosi kikaumaliza. Mtaa ulilishangilia jeshi hilo la zimamoto, na lilistahili, kwa maana vijana wale walifanya kazi ya kishujaa, naye marehemu alipewa cheti cha shukrani kwa ugawaji bora wa vifaa, akakitundika jikoni nyuma ya mlango, mahali ambapo kinaonekana mlango ukifungwa tu.

Mama alikuja kuishi hapa kwa binti yake, akiwa kwenye chumba kile cha mbele, na siku ya pili au ya tatu, wakiwa wanakunja nguo, alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, si ndicho ulichosomea hiki?" na dada akajibu, "Ndicho, mama," wakaendelea kukunja. Mama alifariki mwaka 2009 bila kuuliza tena.

Kuanzia moto ule wa 2004 marehemu hakurudi kwenye darubini yake isipokuwa siku za mvua. Shemeji hakuweza tena kuendesha gari kubwa, ada za watoto zilikuwa zimefika shingoni, na mwaka 2006 dada alipopewa cheo cha mkuu wa vifaa vya moto, chenye mshahara usiopeperuka, alikubali shingo upande, akaomba jambo moja tu, aachiwe ufunguo wa chumba cha mwisho cha korido. Mwaka 2011 chuo cha misitu kilimwita akafundishe, akafunga mizigo, hata mapazia yalikuwa yameshashushwa, ndipo mkuu wa kituo akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti kile kile anachokaa leo, akamwambia, "Mama, mwaka huu tu, sina mtu mwingine," na dada akawatazama watoto wa kikosi aliokuja nao, vijana wa kuweza kuwa wanawe, mmoja wao akiwa kweli mwanawe, akaingia ndani na tukasikia masanduku yakifunguliwa. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba moto utakuwa na mfuko wake wa pekee na mafungu mengine hayataguswa tena, wafanyakazi wakanunuliana soda, naye akaenda kuifuta vumbi darubini, na kiangazi hicho moto ulikuwa mkubwa kuliko mfuko.

Watu walimuuliza kwa nini hakukasirika, nasi wa nyumbani tunajua kwamba alikasirika sana, ila hakuwa na wa kumkasirikia, kwa maana kila aliyemnyang'anya alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa inawaka. Alikuwa akisema kwamba angekutana na mwizi angeshukuru, mwizi angalau unamkimbiza.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, nafasi yake ya wadudu haikujazwa, na chumba chake kikawekewa kofia ngumu za kikosi. Miaka ya kustaafu aliitumia kulea wajukuu, kuwafundisha kupasua vijiti ili waone nani anaishi ndani, na kubishana na shemeji kuhusu sauti ya redio.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa na kupata nafuu mara kadhaa, na ingawa alivuta moshi wa kambi kwa misimu mingi, madaktari hawakusema ni moshi, nasi hatusemi. Hali ilibadilika mwezi Julai mwaka huu, akalazwa hospitali ya rufaa, ambako binti yake mkubwa hakubanduka kitandani kwake, na Jumamosi jioni kijana wake alifika moja kwa moja kutoka kwenye moto, akiwa na masizi hadi masikioni, akaambiwa na muuguzi anawe kwanza, dada akasema muacheni. Alimuuliza, "Mmefikia wapi?" kijana akamweleza, naye akauliza tena, kwa taabu, kama vilele vilikuwa vyekundu kabla ya moto. Kijana wake, ambaye angeweza kumdanganya, akasema, "Vilikuwa vyekundu, mama." Dada akamfuta usoni kwa kiganja, akamwambia akalale. Alikata roho asubuhi iliyofuata, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua waliomhudumia kana kwamba ni mama yao, inawashukuru majirani waliotupa viti, turubai, maji na mabega ya kulilia, na inawashukuru wafanyakazi wa idara ya misitu, wa vitalu, wa njia na wa kikosi, mliofika licha ya msimu. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kuanza, kwani gari ambalo idara ilikuwa imetuahidi kubeba jeneza lilihitajika jana jioni kupeleka maji kwenye moto, na muuza mbao wa mtaa wa pili ndiye aliyetupa lori lake, Mungu ambariki. Mkuu wa kituo amekuja mwenyewe kutueleza, akiwa na machozi, nasi tumemwambia tunaelewa, na kweli tunaelewa, kama dada yetu alivyoelewa kila mwaka, na huko kuelewa ndiko kulikommaliza. Kijana wake pamoja na wenzake wa kikosi wataondoka mara tu baada ya mazishi kurudi zamu, tunaomba muwapishe njia wapite mbele, waweke udongo wa kwanza, waende.

Dada, ulale kwa amani, upumzike.